Ufito Kwanza, Majani Baadaye

Kijiwe chetu kipo Tukuyu, nyuma kidogo ya soko, kwenye benchi la mkaratusi nililolipigilia misumari kwa mkono wangu mwenyewe, na ndiyo maana halijawahi kuvunjika, ukiacha ile mara moja. Upande wa kulia lipo banda la Hosea, kijana anayepiga video za harusi na misiba. Upande wa kushoto lipo jiko la Mama Happy, muuza kahawa. Katikati tupo sisi. Wilson tunamwita Serikali, kwa sababu zamani alibeba mafaili pale kata, na tangu hapo hajawahi kusema "mimi", anasema "sisi kama serikali". Meshaki ni Mnyapara, anasimamia wachuma chai, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde hata akinong'ona. Mimi ni Ambakisye, lakini ukiuliza hivyo hutaonyeshwa mtu. Uliza Hakika. Wananiita hivyo kwa kuwa kila ninachosema ni cha kweli, na wanaocheka waache wacheke.

Siku ile mvua ilikuwa imepumzika kidogo, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Tukafika, tukakaa, tukakuta birika linafuka, lakini vikombe vyote vimelazwa kifudifudi.

Serikali: Mama Happy, vikombe vimelala. Kuna msiba?

Mama Happy: Hakuna kahawa leo.

Mimi: Mbona birika linachemka?

Mama Happy: Linachemkia watu wenye akili. Wakitokea nitawamiminia.

Mnyapara: Sasa mama, si utakesha peke yako hapo?

Hakucheka. Hapo ndipo nikajua kuna jambo, maana Mama Happy anacheka hata akiungua.

Mama Happy: Harusi ya mwanangu imekwama kwenye boksi la Hosea. Hakuna atakayekunywa hapa mpaka itoke.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Binti yake, Happyness, aliolewa kule Kawetele. Siku ya sherehe mvua ikanyesha, kuni zikalowa, wapishi wakashindwa na moto, wali ukawa nusu mchele. Mama wa bibi harusi, akiwa na nguo yake ya kitenge kipya na kilemba juu, akasema anaingia jikoni kidogo tu kuwasaidia. Akatoka magari ya wakwe yameshaondoka. Mtoto wake wa pekee ameagwa, yeye amesikia vigelegele kwa nyuma ya ukuta wa mianzi. Tangu siku hiyo kazi yake ni kumuuliza Hosea: video iko wapi?

Basi Hosea akatoka bandani, macho mekundu kama mtu aliyekula pilipili kichaa.

Mnyapara: Wewe dogo, umefanya nini na harusi ya watu?

Hosea: Shikamooni. Sijafanya kitu, mzee. Harusi ipo nzima. Shida ni boksi la kuhifadhia video.

Serikali: Sisi kama serikali tunataka maelezo kamili.

Hosea: Ndani ya boksi kuna diski mbili. Nikiandika kitu, kinaandikwa kwenye zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki nacho. Sasa wiki iliyopita nilikuwa naingiza video ya msiba wa Masoko, umeme ukakatika katikati. Diski moja ikawa imeshaandika, nyingine bado. Umeme uliporudi, boksi likajua tu kwamba diski zinaweza kuwa zimetofautiana. Lakini halijui ni wapi.

Mimi: Kwa hiyo?

Hosea: Kwa hiyo linashuku kila mahali. Linaanza mwanzo kabisa, linanakili diski ya kwanza yote kwenda ya pili. Kutwa nzima. Na likiwa kwenye kazi hiyo ukiliomba video kubwa, inakwama, inakwama, mwisho inakata. Nimejaribu hata kuihamishia kwenye flashi, imegoma.

Mama Happy: Waambie la mchana.

Hosea: Mchana mvua inakuja, umeme unakwenda. Ukirudi, boksi linaanza tena sifuri, na usiku huku sokoni umeme unazimwa. Jana hivyo, juzi hivyo. Na hiyo diski ya kwanza, ndiyo pekee ya kuaminika sasa hivi, imeanza kulia. Tik, tik. Ikifa kabla ya kumaliza kunakili...

Mama Happy akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Serikali akakohoa, akasimama. Akisimama ujue tumekwisha.

Serikali: Suala hili ni dogo. Diski mbili zimetofautiana, sivyo? Ziitwe. Moja iseme yake, nyingine iseme yake, wajumbe wasikilize, uamuzi utolewe.

Mnyapara: Diski itasema nini, Serikali? Tik?

Serikali: Hata tik ni kauli.

Mimi: Ninyi hamjui kitu. Hiyo ni baridi. Hakika, mimi niliwahi kudondosha redio ndani ya ziwa la Masoko, ikazama mpaka chini ambako hakuna mtu aliyewahi kufika, nikaivuta kwa kamba ya mgomba asubuhi yake, ikatoka inaimba wimbo uleule, palepale ilipoachia. Unajua kwa nini? Chini kule kuna joto. Hilo boksi lifunikwe. Livikwe blanketi kama mtoto mchanga, litaacha kulia.

Mama Happy akaanza kufungua kitenge cha begani.

Hosea: Mama, hapana! Ukilifunika litaungua.

Mnyapara: Hakika, ile redio uliiazima kwangu na haikuimba tena mpaka leo.

Mimi: Inaimba. Wewe huna sikio la maji.

Serikali: Basi tuongeze diski ya tatu iwe shahidi. Na ya nne, shahidi wa shahidi. Tukifika kumi na mbili hakuna wa kudanganya.

Mama Happy: Birika linapungua, na akili bado sijaiona.

Kweli, mvuke ulikuwa unakwenda bure. Uchungu ninaoujua mimi ni kutazama kahawa inakauka. Nikamgeukia Mnyapara, nikamwona amekaza uso, anachora chini kwa mwavuli wake.

Mnyapara: Hosea, hebu nielewe. Boksi lako linarudia shamba zima kwa sababu halijui mvua ilimkuta mchumaji mstari gani?

Hosea: Ndiyo hivyo hivyo, mzee.

Mnyapara: Sasa si ni ujinga huo? Watu wangu mvua inawafukuza shambani kila siku. Kila mmoja ana ufito wake. Akiingia mstari, kabla hajagusa jani, anasimika ufito pale mwanzo. Akimaliza mstari, anaung'oa anaenda nao mstari mwingine. Mvua ikipiga, wanakimbia, fito zinabaki. Kesho yake mimi sihangaiki na shamba. Natafuta fito. Mstari wenye ufito, rudia. Usio na ufito, pita.

Serikali: Mimi ningesimika baadaye. Unachuma kwanza, ukiona mvua inakuja ndipo unasimika.

Ile "mimi" ya Serikali ilitushtua wote, lakini Mnyapara alikuwa ameshapanda juu.

Mnyapara: Baadaye? Radi inakuomba ruhusa? Alikuwepo mmoja kwangu, Erasto, mjuaji kama wewe. Anachuma kwanza, ufito kaubana kwapani. Mvua ikaja, akakimbia na ufito wake kwapani mpaka nyumbani. Mstari hauna alama, tukaupita. Yale majani yalikuja kuonekana yamekuwa magumu kama ngozi ya viatu. Ufito kwanza, majani baadaye!

Mimi: Na akichelewa kuung'oa?

Mnyapara: Huyo namsamehe. Nitarudia mstari ambao umeshachumwa, napoteza muda kidogo tu. Anayechelewa kuusimika ndiye anayenipotezea chai.

Hapo Hosea alikuwa amekaa chini kwenye tope, ameshika kichwa.

Hosea: Mzee, hicho kitu kipo.

Mnyapara: Kipo wapi?

Hosea: Kwenye boksi. Kinaitwa bitimapu. Ni ramani ya visanduku vidogo vidogo, kila kisanduku kinasimamia eneo kubwa la diski, kama ufito mmoja kwa mstari mzima. Boksi likitaka kuandika mahali, kwanza linaweka alama kwenye kisanduku cha pale. Ndipo linaandika diski zote mbili. Zikishamaliza zote, linafuta alama. Umeme ukikatika, likiamka linatazama ramani, linalinganisha pale penye alama tu. Sehemu nyingine haligusi.

Serikali: Na hiyo ramani inakaa wapi? Kichwani mwa boksi?

Hosea: Ikikaa kichwani inakufa na umeme. Ni sawa na kuandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu. Inakaa kwenye diski zenyewe.

Mama Happy: Sasa mwanangu, kama kipo, kwa nini kinatutesa?

Hosea akatazama viatu vyake.

Hosea: Nilikizima. Kilikuwa kinanichelewesha. Kila nikiingiza video, alama kwanza, halafu kuandika, alama, kuandika... Nikaona bora kasi.

Jamani. Nimeona watu wakifokewa, nimefokewa mimi mwenyewe na wataalamu wa kufoka, lakini siku ile Mnyapara alitoa sauti ambayo iliondoa kunguru sokoni.

Mnyapara: Uling'oa fito shambani ili watu wapate kukimbia vizuri?

Hosea: Ndiyo, mzee.

Serikali: Washa sasa hivi. Ni agizo.

Hosea: Haliwezi kukubali. Alama zina maana pale tu diski zilipokuwa sawa hapo mwanzo. Sasa hivi haziko sawa. Lazima linakili lote mara moja mpaka mwisho bila umeme kukatika, ndipo niwashe.

Ukungu ukapita katikati yetu kama mgeni asiyesalimia. Asubuhi mpaka jioni bila umeme kukatika, Tukuyu, msimu huu! Afadhali ungetuambia tukaushe ziwa.

Mama Happy akasimama. Akafungua mkanda wa kitenge, akaufunga upya, ukabana.

Mama Happy: Betri. Nani ana betri ya sola nyumbani?

Tukatazamana.

Mama Happy: Nauliza kwa sababu najua. Hakika, wewe kila siku unatuambia betri yako inaweza kuwasha kiwanda cha chai.

Mimi: Inaweza. Ila Atuganile, mke wangu...

Mama Happy: Atuganile nitaongea naye mimi. Serikali?

Serikali: Yangu ni ya televisheni. Na kesho jioni kuna mechi, mama, mechi kubwa.

Mama Happy: Mimi nimekosa mechi kubwa kuliko hiyo. Mnyapara?

Mnyapara: Nitabeba. Na inveta ya kugeuza umeme wa betri nitaiazima kwa bosi wa gereji, ananiogopa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bandani kabla wauza mboga hawajapanga meza. Kwa kweli mimi ndiye niliyebeba betri mbili, yangu na ya Mnyapara, moja kila bega, kutoka kwangu Kawetele kwa miguu. Mnyapara atawaambia nilipanda pikipiki. Msimsikilize. Hosea akaunganisha nyaya, akasema bismillahi ingawa ni Mlutheri, akaliwasha boksi. Likaanza. Sifuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hakuna kazi ngumu kama kutazama namba inayopanda polepole. Mchana radi ikapiga upande wa mlima Rungwe, balbu ikafa. Inveta ikanguruma. Taa ndogo ya boksi ikaendelea kupepesa.

Mama Happy: Iko hai?

Hosea: Iko hai.

Mvua ikaingia. Bati la Hosea linavuja palepale juu ya inveta, kama vile fundi alipima. Mnyapara akafungua mwavuli ndani ya nyumba, akausimamia, maji yakimwingia mgongoni, hakusogea. Muda si muda betri ya kwanza ikaanza kulalamika.

Hosea: Ya nani hii imeanza kufa?

Hakuna haja ya kutaja ilikuwa ya nani. Naomba tu ieleweke kwamba betri inayoweza kuwasha kiwanda haikuzoea kazi ndogondogo.

Serikali: Ha! Kiwanda kimefungwa!

Mama Happy: Hakuna kucheka. Leteni nyingine.

Ikafungwa ya Mnyapara. Ikaenda, ikaenda, nayo ikachoka, na namba bado haijafika. Diski ikawa inalia tik, tik, tik. Tukamgeukia Serikali. Betri yake ilikuwa bado iko kwake, alisema ameiacha "kwa ajili ya dharura za kitaifa". Kwa mbali tulisikia vijana wameshaanza kupuliza vuvuzela.

Serikali: Msinitazame hivyo.

Mama Happy hata hakumtazama, alikuwa anatazama ile taa tu, mikono imeshikana.

Serikali: Sisi kama serikali... aa, basi. Naenda kuichukua.

Akaenda kwenye mvua bila mwavuli. Akarudi ameikumbatia betri, ameivika koti lake, yeye mwenyewe amebaki na shati. Tangu siku hiyo sijamtania tena, isipokuwa anapostahili.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya migomba, Hosea akapiga kofi moja kubwa.

Hosea: Zimelingana!

Kisha, mbele yetu wote, akawasha zile alama. Mnyapara akasimama nyuma yake kuhakikisha, kana kwamba anaona fito zinasimikwa mstari kwa mstari.

Asubuhi iliyofuata kila mtu alichukua betri yake. Tukasogeza benchi mpaka mlangoni pa banda. Vikombe vikasimama wima. Nilipopewa changu nilikishika kwa mikono miwili, nikataka kulia, nikasingizia moshi.

Mama Happy: Sijaridhika. Hosea, ingiza kitu humo.

Hosea: Naingiza ule msiba wa Masoko, mama, sasa hivi unaandikwa.

Mama Happy akainama, akashika plagi, akaing'oa ukutani.

Tulipiga kelele wote wanne. Hosea alitoa sauti ya mbuzi.

Mama Happy: Mvua itafanya hivihivi mchana. Bora nifanye mimi mkiwa mmekaa. Washa.

Hosea akachomeka. Boksi likaamka, likafikiri, taa ikapepesa kidogo, ikatulia.

Hosea: Limemaliza.

Mimi: Limemaliza nini?

Hosea: Limekuta alama chache, limelinganisha pale tu. Diski ziko sawa. Ule msiba nitauingiza upya, kamera bado inao. Harusi haijaguswa kabisa.

Nikaonja kahawa yangu. Ilikuwa bado inaunguza ulimi.

Mnyapara: Fito!

Serikali: Fito!

Mama Happy: Ndaga fijo, asanteni sana, wanangu. Sasa nionyesheni mwanangu.

Hosea akageuza skrini mlangoni. Tukaona kanisa. Tukaona Happyness anatembea, na Mama Happy akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajifunika mdomo. Tukaona mahema, mvua, mashangazi wanacheza kwenye tope. Halafu picha ikalala upande, ikabaki inatazama pembe moja ya jiko, moshi mtupu.

Hosea: Hapa, mama, samahani. Nilikuwa nimeletewa sahani, nikaweka kamera juu ya meza, nikasahau kuizima. Ngoja nisogeze mbele.

Mama Happy: Acha.

Ndani ya moshi alikuwepo mwanamke ametupa mgongo, anakoroga sufuria kubwa, kilemba kimeanguka begani. Wakati huo, mtu mmoja aliyekuwa anasubiri gari la kwenda Mbeya, na mkungu wa ndizi miguuni, alikuja kuomba kahawa, akapewa kikombe, akasimama nyuma yetu kutazama.

Pembeni ya picha akaingia bibi harusi. Gauni amelikusanya mkononi, viatu ameshika mkono mwingine. Akasimama nyuma ya mama yake, karibu kabisa. Akafungua mdomo. Na ile sauti ya Mama Happy tunayoijua sote ikasikika, bila kugeuka: "Usisimame tu wewe, weka kuni!"

Happyness akaweka viatu chini. Akachukua gogo moja, akalisukuma motoni. Akafuta macho kwa kiganja. Akashika ncha ya kitenge cha mama yake, akaishika kama anavyoshika mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Honi ikalia nje. Akaiachia, akaokota viatu, akatoka. Mwanamke wa kwenye moshi akaendelea kukoroga.



Yule mgeni akanywa funda moja, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Samahani jamani, huyo mama mbona hakugeuka?"

Mnyapara akatazama chini. Hosea akatazama nyaya. Mimi, Hakika, ambaye nina jibu la kila kitu tangu ziwa la Masoko mpaka mwezini, nikainamia kikombe changu, nikapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Radi ikapiga. Umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake tukajiona sisi wenyewe tumekaa kwenye benchi.

Hosea akaruka. Mama Happy akamshika bega, akamkalisha.

Mama Happy: Alama zipo?

Hosea: Zipo, mama.

Mama Happy: Basi umeme utarudi.

Akachukua birika, akammiminia mgeni, akammiminia Mnyapara, akammiminia Serikali, akanimiminia mimi, mpaka lilipotoa tone la mwisho. Akavuta kigoda akakiweka mbele ya ile skrini nyeusi, akakaa akiwa amelipa jiko mgongo.

Mama Happy: Umeme ukirudi, Hosea, anzia pale mwanangu anapoingia.